Watoto wa Mti Uliokuangusha

Babu yangu mtani,

Huku kitaluni hatujambo. Mkuu wetu bado anakoroma kwenye vikao, akishtuka anasema, "Naam, tuendelee."

Unaukumbuka ule mti ulioukwea kutuchumia mbegu, ukakuangusha, mguu ukapinda? Watoto wake, miti iliyoota kwa mbegu zile, tumewashindanisha na wa miti mingine miaka kumi, kwa unene, unyoofu na ugumu wa mbao. Jana matokeo yalitoka: wao ndio wa kwanza! Niliruka hadi kiatu kikachomoka. Wamenyooka kuliko mguu wako.

Ila mama yao hatunaye tena, upepo ulimng'oa juzi. Nililia kidogo, usimwambie mtu. Kisha nikachukua msumeno, nikakuchongea fimbo hii kutoka kwenye tawi lake. Yeye ndiye aliyekuangusha, basi yeye ndiye akushike.

Mjukuu wako mkorofi