Breki Zilizogoma Asubuhi

Baba Kidoti,

Nimekwenda zamu ya mchana. Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Ufunguo wa gari usiutafute, uko kwa fundi.

Asubuhi, kwenye mteremko wa kwenda shule, nilikanyaga breki zikagoma. Kidoti alikuwa kiti cha nyuma. Nilivuta breki ya mkono, gari likapanda ukingo wa barabara na kusimama kwenye ukuta. Hatukuumia. Fundi anasema pedi ziliisha siku nyingi, na sasa diski nazo zimeliwa. Gharama imepanda maradufu.

Kila nilipokwambia gari linakwaruza, ulisema ni vumbi, ukaongeza sauti ya redio. Pesa ya pedi ukanunulia spika! Basi spika zako nimempa fundi, ziwe sehemu ya malipo.

~~Usinipigie simu.~~ Nipigie, ila usianze na habari za spika.

Kidoti yuko kwa dada yako. Kamchukue jioni, mrudi kwa miguu. Nilimfungulia mlango wa teksi, akaning'ang'ania mkono: "Mama, hii inasimama?"

Mama Kidoti