Kadi Mbili na Usingizi wa Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mjomba Bashiru amekuja na kadi mbili za grafiki, amezifunga kwenye taulo kama watoto pacha. Mbili! Ni zawadi ya matokeo yangu ya muhula – lakini nitabaki na moja tu. "Zijaribu zote, mpwa wangu. Jumatatu ijayo unirudishie moja. Ila usije ukazipenda zote, nakujua."

Kompyuta yangu haikuwa na kadi ya kuchora picha za gemu; sasa nitaweza kucheza gemu la mbio za magari hapa nyumbani. Mchujo wa mashindano ya vijana ni Jumamosi tarehe 28. Kila mmoja anacheza kwake, kwa intaneti. Mbio tatu, na sita bora wanakwenda fainali. Kwenye kibanda cha gemu siruhusiwi kwenda, kumejaa wavulana wanaovuta sigara.

Mama ameweka sharti. Yeye ni muuguzi, na mwezi huu wote yuko zamu ya usiku. Analala mchana, chumba cha pili, na ukuta wetu haujafika hadi kwenye bati. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole.

"Hadiya. Dude hilo likiniamsha, linarudi kwa mjomba wako na kadi zake zote."

Hatanii. Wiki iliyopita alisinzia akiwa anapima dawa ya mtoto wodini. Mwenzake ndiye aliyemshika mkono. Aliniambia mara moja tu, akiwa ananawa, wala hakunitazama.

Kwa hiyo ninachotafuta ni kadi isiyopiga kelele. Nguvu baadaye.

Jumanne, 10 Juni

Nimezipa majina. Ya kwanza ni Kimya – ndefu, feni mbili, nzito kama tofali. Feni zake hazizunguki kabisa mpaka ipate joto. Ya pili ni Mvumo – fupi, nyeusi, feni moja iliyofichwa ndani ya bomba, nayo inavuma muda wote kama mtu anayepuliza jiko la mkaa.

Nimesoma maelezo ya watu wa nje mtandaoni. Wote wanaisifu Kimya. Ila mmoja ameandika kwamba aliipima kwenye chumba chenye nyuzi joto ishirini na moja. Ishirini na moja! Hapa Kirumba, chini ya bati, saa tisa mchana?

Mwalimu Machibya wa fizikia anatuambia kila siku tubadilishe kitu kimoja tu, vingine tuviache vilevile. Basi: njia ileile ya mbio, saa ileile, dirisha lilelile wazi. Na simu yenye programu ya kupima sauti nitaiweka juu ya mto wa mama, akiwa hayupo.

Jumatano, 11 Juni

Nimezipima kadi mama alipokwenda sokoni Mwaloni. Kimya: picha sabini na tano kwa sekunde, gari linateleza kama siagi. Mvumo: hamsini na nane, na vumbi likitimka mbele yangu picha inagandaganda. Sauti juu ya mto: Kimya karibu haipo, Mvumo imeipita mbali.

Hakuna cha kufikiri. Kimya!

Nimemwambia Queen wa nyumba ya jirani. Naye ameingia mchujo, anatumia kompyuta ya kaka yake. Akasema: "Haya shosti, uchukue hilo bubu. Mimi nitakuachia vumbi ulichunguze vizuri na picha zako sabini na tano."

Alhamisi, 12 Juni

Leo mara ya kwanza nimecheza mama akiwa amelala. Kimya ilikaa kimya kweli. Nikafika mzunguko wa nne – feni zikaamka. Fruuu. Zikapoza, zikazima. Baada ya kona mbili, fruuu tena.

Pazia likafunguliwa. Mama, kanga begani, macho mekundu. "Nani ameingia?"

Nikasema hakuna mtu, mama, ni feni. Akaniangalia sana. Akasema leo amesamehe, kwa sababu ni ya kwanza. Akarudi kitandani lakini nilimsikia akijigeuza mpaka saa kumi.

Usiku huu amekwenda kazini na usingizi wa nusu. Mimi ndiye niliyemnyima. Nimeomba dua, asipewe kazi ya kupima dawa.

Ijumaa, 13 Juni

Sijawasha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaribu kuzilazimisha feni za Kimya zizunguke muda wote, polepole, zisiwe zinawaka na kuzima. Zikakubali. Lakini moja imechakaa ndani, inatoa mlio mwembamba unaokuja na kupotea, kama mbu aliyeko ndani ya chandarua. Nilizima kabla mama hajarudi kutoka kazini.

Labda nirudishe zote mbili. Labda nimwambie mjomba asante, tusubiri likizo nyingine. Ila fainali haitanisubiri.

Jumapili, 15 Juni

Leo! Lazima niandike lote.

Mama jana alisema akitoka zamu atapitiliza Magu, kuna msiba wa shangazi yake mmoja. Asubuhi nilikwenda kuchota maji na kufua. Niliporudi, viatu vyake havikuwa mlangoni. Vizuri, nikasema, nina nyumba nzima. Nikaifunga Mvumo kwenye kompyuta. Nikaiacha ivume inavyotaka. Nimecheza saa nzima na zaidi, na kwenye mbio ya mwisho nilikuwa naimba. Naimba kwa sauti!

Saa kumi, pazia likafunguliwa.

Mama!

Kumbe mazishi yameahirishwa mpaka kesho, ndugu wa Nansio hawajafika. Viatu alikuwa ameviingiza ndani kwa sababu ya mbwa wa jirani. Alikuwa amelala mle ndani tangu asubuhi. Akajinyoosha, akapiga miayo, akasema:

"Leo nimelala kama mtoto. Kumbe hukucheza?"

Mashine ilikuwa inavuma mbele yake. Nikaionyesha kwa kidole. Akaisikiliza, kichwa upande. Kisha akacheka, akakaa kwenye kitanda changu.

Akanieleza. Wodini kwao kuna mashine za oksijeni za watoto, zinavuma usiku kucha. Miaka kumi na moja sasa. Mvumo ule hausikii tena. "Ila mmoja ukinyamaza, nashtuka hata kama niko chooni. Kelele haziniamshi, mwanangu. Kinachoniamsha ni kubadilika."

Kumbe nilipima kitu ambacho si chenyewe. Nimeweka simu juu ya mto, na mwenye mto sikumuuliza.

Nikamuuliza je, na kuimba kwangu? Akasema hiyo aliisikia, akadhani ni redio mbovu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeirudisha Kimya. Mjomba alinitazama kama nimekunywa kitu. "Mpwa wangu, unaniachia gari unaondoka na baiskeli?" Nikamwambia mambo ya mama na oksijeni. Akapangusa miwani. Akasema dada yake tangu utotoni halali hovyo, basi kama kuna kitu kinamlaza, kichukue hata kama ni mashine ya kusaga.

Queen ameona niliyochagua. "Umeacha bubu umechukua jenereta? Mafuta unaweka ya dizeli au petroli?"

Alhamisi, 19 Juni

Picha hamsini na nane hazitoshi. Nimepunguza mapambo ya gemu: vivuli nimetoa, mawingu nimetoa, nyasi nimetoa. Mwisho nimeondoa watazamaji wote uwanjani. Nitakimbia bila kushangiliwa. Lakini sasa napata picha sabini! Na mvumo ni uleule, haupandi wala haushuki.

Mama amelala. Namsikia akikoroma kidogo. Sitamwambia.

Jumatatu, 23 Juni

Muda wangu wa leo ni mzuri kuliko wote. Mama amerudi kutoka kazini akitabasamu. Muuguzi mkuu kamwambia, Sihaba, siku hizi umependeza, unatumia mafuta gani? Akajibu: "Mafuta ya kadi ya grafiki." Hakuna aliyemwelewa.

Alhamisi, 26 Juni

Mwezi umeandama na wadudu wa ziwani wamefika. Asubuhi walisimama juu ya maji kama moshi wa tanuri la matofali, mchana upepo ukawaleta huku. Ukifungua mdomo unakula.

Kimya isingejali sana, feni zake ziko wazi, unazifuta. Mvumo inavuta kwa bomba – na kila kinachovutwa kinabaki ndani. Joto lake limefika nyuzi themanini na saba. Nimefungua, nimetoa bonge la wadudu kwa brashi ya kiatu. Wengine walikuwa wanarukaruka bado.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekata kipande cha chandarua kikuukuu, nimekifunga kwa mpira kwenye mdomo wa bomba. Wadudu hawaingii! Joto limepanda nyuzi nne, lakini inastahimili. Mama kaona tundu kwenye chandarua. Kasema kama nitaugua malaria nisimwite muuguzi.

Nimekwisha kununua bando. Kesho saa nane.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika katikati ya mashindano. Kuna mapumziko kabla ya mbio ya tatu.

Mbio ya kwanza nimekuwa wa nne. Wa nne! Mbele ya Queen. Mama alikuwa amelala fofofo.

Ya pili ilianza vizuri. Kisha chumba kikaingia giza – wadudu, wingu zima, dirishani. Niliona wameanza kujazana kwenye kile kipande cha chandarua, safu juu ya safu, kama zulia. Sikuweza kuacha usukani. Mvumo ukawa mzito. Ukapanda. Ukakwaruza. Ukanyamaza.

Picha zikaanza kuganda. Wakanipita mmoja, wawili, watatu.

Na mama tayari alikuwa mlangoni, nusu usingizini, mikono mbele. "Ya nani imezima? Ya nani?"

Kisha akaniona mimi, akaiona kompyuta. Nikasema, mama nisamehe, nazima, nairudisha kesho. Akapiga magoti. Akang'oa ule mpira, akatupa chandarua na wadudu wake nje, akaingiza kidole chake chembamba kwenye bomba akaisukuma feni. Mara moja. Mara mbili. Ikavuma.

Nimemaliza wa kumi na moja. Kwa jumla niko wa saba, na Queen ni wa sita. Amenitumia ujumbe: "Jenereta imeisha mafuta? Washa bwana, sitaki kupita kwa huruma."

Nimemwambia mama akalale, leo usiku ana zamu. Amesema usingizi ameshaupata wa kutosha wiki hizi. Amefunga dirisha, amelowesha kanga ameitundika juu yake. Amevuta kigoda, amekaa ubavuni mwa mashine. Kiganja chake kiko juu ya kasha la kompyuta, kama anavyonishika paji la uso nikiwa na homa.

"Wewe tazama barabara," kasema. "Mimi naisikiliza hii. Ikibadilika tu, nitajua kabla yako."

Nimemuuliza inasemaje sasa.

"Iko sawa. Inapumua."

Magari yanapangwa. Taa nyekundu imewaka –