Zuberi na Bao la Gitega

Nargis, we umeshaona mkwe anamkumbatia mamamkwe wake mbele ya uwanja mzima?

Ni Zuberi, yule mjukuu wangu! Mkewe Pili mwenyewe amenipigia sasa hivi, anacheka mpaka anakohoa.

Unajua Pili alikasirika akarudi kwao Muyinga. Zuberi akatoka Gitega kumfuata. Asubuhi yote amekunywa chai ya ukweni, ombi la kumrudisha mkewe hajalitoa. Mama Pili akasema, "Twende kwanza mpira, mkwe. Leo tunawafunga nyie wa Gitega."

Basi Gitega wakabanwa, kipa wao akaruka mpaka jezi ikawa matope matupu. Mwishoni kabisa, bao! La Gitega! Zuberi akasahau adabu, akamkumbatia aliyekaa pembeni yake.

Mamamkwe, Nargis! Yule anayemsalimia kwa mbali, macho chini! Amemkumbatia!

Watu wa Muyinga wakageuka kumtazama. Zuberi akabaki na mikono hewani.

Mama Pili akatengeneza kitenge chake taratibu. "Mmetufunga, na bado unanikunja kama godoro! Kukumbatia umeweza, mkwe. Kusema ndiko kunakushinda?"

Zuberi akainamisha kichwa.

"Mama, nimemfuata Pili. Nyumba bila yeye haikaliki."