Matundu Niliyoyatoboa Baadaye

Jumapili, 6 Novemba 2016
Mashine ya figo saa nne, kama kawaida. Nimerudi miguu haina nguvu. Supu nusu bakuli. Zuwena, binti yangu, alikuwa akipanga stoo. Akaja na kopo la biskuti, kalishika kwa ncha za vidole. "Baba, risasi hizi! Wataka tufungwe sote, mtaa mzima wa Mirdif utuone?" Nikamwambia ni bandia, atazame matundu. Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 7 Novemba
Niandike, kabla mkono haujakataa.
Nilikuwa fundi kwenye klabu ya shabaha hapa Dubai. Risasi za mazoezi nilizitengeneza mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa, kichwa kikachomekwa tena, ndani hamna baruti. Mwanafunzi anajaza, anafyatua, hakuna kinacholia. Kanuni ni moja: toboa ganda ubavuni, kila mtu aone kuwa ni tupu. Mimi nilijigamba kuwa kiganja changu kinajua uzito. Wenzangu wakaniita Mizani. Nililipenda jina hilo. Fungu la mwisho nikalitia koponi bila kutoboa. Nitatoboa kesho, nilisema.

Jumanne, 8 Novemba
Mashine. Mkono umevimba.
Asubuhi ya kesho yake Mwinyi, mwalimu kutoka Mombasa, alichota risasi moja koponi mwangu. Hakuitazama, aliniamini. Akajaza bastola. Idrisi, mwalimu mgeni wa Uganda, alikuwa mbele yake akimrekebisha mikono. Mlio mmoja. Idrisi hakufika hospitali.
Kiganja changu kilikuwa kimepitisha risasi ya kweli iliyochanganyika na bandia zangu.
Wenzangu wakilia, niliingia karakana, nikashika keekee. Nikatoboa zilizobaki, moja moja, mpaka ya mwisho. Polisi nikawaonyesha matundu. Nikasema hiyo haikutoka humu. Mwinyi aliapa imetoka humu. Siku ya tatu akaanza kusita: labda mkono wake ulikwenda kwenye boksi la risasi za kweli. Nilimwona akijitilia shaka. Nikanyamaza. Akafungwa, kisha akarudishwa kwao.

Alhamisi, 10 Novemba
Rehema, anayenitunza, ni mtu wa Likoni, Mombasa. Nilimtajia Mwinyi asubuhi. Alasiri nambari yake ya simu ikaja. Watu wa Pwani hawapoteani. Sikupiga. Mwoga wa jana, mwoga wa leo.

Ijumaa, 11 Novemba
Nimepiga baada ya sala ya Ijumaa.
"Mzee Suleimani! U hai bado? Mimi nishakusomea hitima kitambo!" Akacheka.
Nikamweleza yote kwa pumzi moja. 
"Nilifunga, mzee," akasema. "Kafara ya kuua bila kukusudia. Miezi miwili mfululizo. Siku ya arubaini malaria ikanishika, nikafungua. Nikaanza upya, siku ya kwanza." Akavuta pumzi. "Khalas. Leo siwezi zaidi." Akakata.
Saumu ile ilikuwa yangu. Sasa daktari haniruhusu kufunga hata siku moja.

Jumapili, 13 Novemba
Nimemwambia Zuwena. Hakulia. Akaniuliza kama nataka chai, akatoka, hakurudi. Chai kaileta Rehema. Maelezo kwa polisi nimeyaandika na kutia sahihi. Nimeandika barua kwa mjane wa Idrisi pia. Mistari sita. Haitoshi, na sijui cha kuongeza.

Jumanne, 15 Novemba
Ujumbe wa sauti wa Mwinyi, mfupi. Yeye hataki kitu. Lakini binti yake mkubwa, Mwanaisha, posa yake ilivunjwa kwa kuwa babake ni muuaji. "Mwambie yeye, kwa mdomo wako. Usinitume mimi."
Sikula.

Alhamisi, 17 Novemba
Mashine asubuhi. Adhuhuri nimempigia Mwanaisha. Ni mshonaji, nilisikia cherehani. Nikataja jina langu, nikasema nilichofanya. Cherehani ikanyamaza.
"Ngoja, babu," akasema, kwa upole. "Niwaite mama na ndugu zangu. Useme wasikie wote."
Viti vikavutwa. Mtu akakohoa. Nikangoja mpaka wote wakakaa, kisha nikasema.