Binzari Kwenye Rejeta

Baba mpenzi,

Assalaam alaikum. Mgongo umepoa kidogo, au bado unalala chini? Huku Mtwara kwa baba mdogo tu wazima wa mwili, ila moyo wangu mzito. Naandika kwa sababu kwenye simu ningenyamaza tu.

Baba mdogo alikwambia Fundi Selemani ndiye aliyeliua gari lako la zamani la mbio, uliloliacha huku. Si kweli. Ni mimi.

Mimi na fundi tulipoanza kuliwasha ili ulikute zima utakapokuja likizo hii, maji ya rejeta yakawa yanapungua. Nilitandaza magazeti chini ya injini, asubuhi nikayakuta yamelowa upande wa mbele. Fundi alipapasa kwa kidole, akasema, "Wota pampu hiyo, mwanangu, inayosukuma maji, ndiyo inavuja. Tungoje nyingine kutoka Dar. Lisiendeshwe."

Madereva wa malori ya korosho waliokuwepo karakana wakanicheka. "Msomi, tia binzari, itaziba! Pampu ya kizee hicho utaingoja mpaka uolewe!"

Nilisoma kitabu cha gari chote; binzari haimo. Lakini niliogopa utalikuta bado limewekwa juu ya mawe, haliendi. Nikachukua pakiti ya mama mdogo, nikaimimina yote. Matone yakakoma. Baba mdogo akadhani fundi amemaliza kazi, akaliendesha kuelekea Naliendele, nami sikusema neno. Hakufika. Injini ilichemka, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda, na rejeta imejaa tope la njano.

Alimfuata fundi karakana, akafoka mbele za watu: "Gari la kaka yangu unalitia binzari kama mchuzi?"

Fundi akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama palepale. Akasema tu, "Samahani, bwana," akainama kuokota spana.

Wiki nzima ikapita. Mwisho nikamwambia baba mdogo. Hakunipiga. Alisema, "Twende ukamwambie yeye." Tulikuta karakana ina kufuli. Muuza matairi wa jirani alisema wateja waliondoa magari yao, na fundi amerudi kwao, upande wa Newala. Simu yake haipatikani.

Kijiji chake hatukijui. Wewe ulipanga naye chumba kimoja ulipokuwa kibarua bandarini. Niandikie jina la kijiji hicho, hata kama umekasirika na huna lingine la kuniambia. Baba mdogo amekubali tutakwenda wote.

Nisalimie mama, bibi aliyenifundisha kusoma, na mdogo wangu anayeanza darasa la kwanza.

Mwanao anayekuomba radhi,
Zuhura