Mikono Ndani ya Mashine

Nairobi, Jumanne

Chamgei dada Chepkoech,

Huku ni baridi, na leo nimeogopa sana. Wamenidunga sindano, wakaniingiza kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, waone kama dawa zangu za huzuni zimeshika kwenye vipokezi vyake, yaani zile sehemu za ubongo zinazopokea dawa. Itakuwaje kama hazijashika? Nikafumba macho, nikawaza shamba letu la Mogogosiek.

"Mama, tulia! Unafanya nini na mikono?" daktari akaita.

"Nachuma chai."

Akacheka, akaanza upya.

Majibu bado. Lakini unajua mikono hii ilivyokataa hata kushika kikapu cha chai tangu huzuni iliponiingia mwaka jana. Niwekee changu karibu na mlango. Wabusu watoto.

Wako, Chelangat