Santuri za Mzito

3 Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba wodi ya wazazi imekuachia walau dakika za kuketi. Sisi huku wazima. Mimi ni zaidi ya mzima. Wiki ya saba hii tangu harusi, na bado nikisikia mdogo wako anafungua mlango jioni, moyo unadunda kama wa mwanafunzi anayengoja matokeo. Ananukia mafuta ya saa anazotengeneza. Nimeanza kuipenda hata harufu hiyo.

Ila, wifi, santuri.

Nimezihesabu: mia nne na kumi na mbili, ukutani, mlangoni, chini ya dirisha, zote katika chumba cha pili, ambacho kabla ya harusi niliahidiwa kuwa cha cherehani yangu. Nimepata kazi ya sare tisini za shule. Lazima ziwe tayari kabla ya kufungua Januari. Sina pa kukatia ila kitandani. Juzi mume wangu ameamka na pini begani, akaitoa taratibu, akaniuliza kama naihitaji. Unaona mtu wa namna gani nimempata?

Amekubali kupunguza, zibaki za rafu moja. Lakini anasema hawezi kuifukuza santuri bila kuisikiliza pande zote mbili. "Hata mwizi husikilizwa." Anasikiliza mbili kila jioni, macho ameyafumba, mzuri kama picha. Kisha anaziweka kwenye fungu la Zibaki, la Ziende, au la Tutaona. Zibaki zimefika tisa. Ziende ipo moja, na imepasuka. Nimepiga hesabu: tutamaliza mwishoni mwa Mei.

Nishauri kabla sijapata kichaa.

Wifi yako,
Fundi Cherehani

9 Novemba

Wifi,

Salamu zimefika. Miguu imevimba, mengine salama.

Mbona hukuniuliza kabla ya kusema ndiyo? Jina la Mzito hatukumpa kwa kilo. Tulimpa ana miaka sita, asubuhi aliyochelewa shule akichagua viatu. Alikuwa na jozi moja.

Usimwombe tena, utazeeka ukimwomba. Anza na za kwaya na za mafunzo, zile zenye picha za watu wamevaa majoho, za kujifunza kupiga taipu, za ufugaji wa kuku. Tulikuwa nazo rundo, maana Mama hakutaka muziki mwingine nyumbani. Mzito haimbi kwaya, hapigi taipu, na kuku anawaogopa. Akishaenda dukani kwake, zitoe. Hatajua. Na akijua, mwambie mimi ndiye niliyesema.

Kitanda ni cha kulalia. Usikubali kuanza ndoa juu ya pini.

Wifi yako mkubwa

24 Novemba

Wifi yangu,

Hali yako? Miguu imepungua? Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa, alipoenda dukani, nilitoa sitini na tatu, majoho, taipu na kuku, nikampelekea muuza vitu vikuukuu nyuma ya soko. Nikafagia, nikaingiza meza. Kwa mara ya kwanza nilikata kitambaa nimesimama wima, nikaimba.

Jioni akarudi. Akafungua chumba, akasimama, akatazama ukuta. Akasema, "Chumba kimepata hewa." Akafunga mlango. Akala, akanishukuru kwa chakula, akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Tangu siku hiyo hajaweka santuri hata moja. Siku nne, wifi. Angefoka ningefoka, tukamaliza. Ananibebea maji, ananipozea chai.

Leo mchana nimetafuta la kumfurahisha akirudi. Nikaona kuna santuri moja ya majoho niliiacha nyuma ya mlango, nikaijaribu kwanza mwenyewe. Wifi, kwaya gani hii yenye tarumbeta, na mwanamume anayemsihi mpenzi wake asogee karibu, hata taa ikizimika? Nimeitazama sahani. Haifanani na jalada lake hata jina.

Niambie nilichopeleka sokoni ni nini.

Wifi yako,
Fundi

28 Novemba

Wifi yangu,

Leo salamu nitatoa mwishoni, maana nina aibu.

Mama alikuwa amekataza muziki wa dansi. Mzito akawa anazivalisha. Akipata santuri ya dansi kwa rafiki, anatafuta jalada la kwaya au la kuku, anaichomeka humo. Mama akipita anaona majoho, anaridhika. Kwaya zenyewe alizigawa kwa majirani, zikiwa uchi. Kwa hiyo ulichopeleka sokoni ndicho kilichofichwa kuliko vyote.

Na mimi nilijua. Mimi ndiye nilikuwa nasimama mlangoni kuchungulia kama Mama anakuja. Miaka ishirini ya zamu imenifuta kichwa, nikakuandikia barua nzima nikijiona mjanja.

Mwambie leo hii, kwa mdomo wako, na sema wazo lilikuwa langu. Kisha nendeni sokoni kabla hazijatawanyika.

Natumai mnaongea. Hujambo?

Wifi yako mkubwa, mwenye kosa

4 Desemba

Wifi mpenzi,

Hatujambo, na usione aibu peke yako, mikono iliyobeba ni yangu.

Nilimwambia akiwa bado mlangoni, kofia kichwani. Akanisikiliza mpaka mwisho, unavyomjua. Akasema, "Nilijua Ijumaa ileile. Nilikuwa nangoja nione nitazikumbuka zipi." Akatoa karatasi mfukoni. Katika sitini na tatu, amezikumbuka tisa. Anasema amejaribu kuhuzunikia zile nyingine, ameshindwa kuzitaja.

Yaani siku kumi na moja mimi najiona nimevunja nyumba, kumbe mwenzangu anafanya utafiti. "Mbona hukusema?" "Ningesema, ungezirudisha zote." Nilimtupia mto. Nikamkumbatia. Nikaukumbuka ule mgongo alioniuliza, nikamtupia mto wa pili.

Tulikwenda sokoni pamoja, tumeshikana mikono, na mimi bado nimenuna. Saba tumezipata. Mbili zimeshanunuliwa, na muuzaji hamjui aliyezichukua. Mdogo wako aliinamisha kichwa kidogo, basi. Hamsini na nne akamwachia kwa moyo mweupe.

Njiani akaja na wazo. Zile saba zikae rafuni, nyingine zote tuzihamishie stoo ya seremala wa ng'ambo ya barabara. Atakayoikumbuka kwa jina, nitamletea. Ikifika siku ya kwanza ya shule, ambazo hazijaitwa ziende. Jana wamezihamisha, yeye na seremala. Cherehani iko dirishani. Sare ya ishirini na tano nimeimaliza leo.

Wifi yako,
Fundi

11 Desemba

Wifi,

Ninyi wazima, nimeona mwandiko umechangamka. Mimi nipo, watoto wanazaliwa.

Huo utaratibu wenu wa stoo umeniponza. Jana katikati ya zamu, nami nikakumbuka moja. Jalada lake la kwaya ya mavuno, lenye picha ya mahindi, si ya majoho, kona moja imechanwa. Mama akiwa jikoni alikuwa akisema, "Niwekeeni ile ya mavuno." Sisi tunaiweka tunabana vicheko, humo ndani wanaume wanapiga gitaa na mmoja anaimba habari za kiuno. Mama anakoroga sufuria, mabega yanacheza.

Tulidhani tumemdanganya. Wifi, ile ndiyo pekee aliyokuwa akiiomba. Nimekaa na mkasi wa kitovu mkononi, muuguzi mwenzangu ananiuliza nacheka nini, kumbe silii wala sicheki.

Kama ipo, nitumie. Nina mashine ndogo ya jirani. Mzito sijawahi kumwomba kitu.

Wifi yako mkubwa

17 Desemba

Wifi yangu mpenzi,

Natumai una afya na wodi imepoa. Hapa sare sitini na nane zimekamilika, zimekunjwa.

Barua yako imefika jana asubuhi. Nikavuka barabara, nikaikuta, kona imechanwa kama ulivyosema. Mchana mume wangu anaingia, hata mikono hajanawa, anasema, "Leo nimekumbuka ya mavuno." Nikaweka mkasi chini. Siku zote hizo, na santuri zote hizo, ndugu wawili mnaitaka moja wiki moja.

Nikampa barua yako. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Mpelekee dada." Akaishika, akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Akageuza jalada. Akarudi, akakaa. Akasema anaisikiliza kwanza pande zote. Akaisikiliza. Akasema, "Mpelekee," na mikono haikuiachia. Nusu saa nimemtazama, pindo la sketi liko nusu, nampenda na natamani kumpiga rula.

Basi nimeamua mimi. Haiji kwako, na nimemwambia haitoki hapa. Mkiwa na kinyongo, kiwe na mimi. Njoo Jumapili usiyo na zamu, uisikilize na mdogo wako, mnisimulie mama mkwe alivyokuwa akitikisa mabega.

Uje na kiti. Vyetu vyote vina sare.

Wifi yako,
Fundi